Urefu wa Kebo Usiosomeka Kwenye Tepu

Chukua vipande viwili vya kebo ya koaksiali, kila kimoja sentimita 50 kwa tepu ileile. Kimoja kina plastiki ngumu kati ya waya wa katikati na wavu wa shaba. Kingine kina plastiki ya povu. Pitisha wimbi la redio la megahezi 145 katika kila kimoja, kisha linganisha fezi ya wimbi, yaani mahali lilipofika katika mzunguko wake, linapoingia na linapotoka. Kipande cha kwanza kitakuwa kimelichelewesha kwa nyuzi 132 hivi, cha pili kwa nyuzi 105. Tepu inasema vinalingana. Wimbi linasema vimepishana nyuzi 27, na katika kazi za antena wimbi ndilo lenye kauli.

Urefu huo wa pili huitwa urefu wa kiumeme. Hupimwa kwa nyuzi, mzunguko mzima wa wimbi ukiwa nyuzi 360, au kwa sehemu za wimbi: robo wimbi ni nyuzi 90, nusu wimbi ni nyuzi 180. Anayetaka kulisha antena mbili kwa pamoja, kuzuia hamoniki za transmita (mawimbi ya ziada yenye mizunguko mara mbili, mara tatu au zaidi), au kulinganisha impidansi (upinzani wa jumla dhidi ya wimbi) kwa kipande cha kebo, huo ndio urefu anaoukata. Vitabu na kurasa za watengenezaji humpa namba ya kuanzia, na hapo wengi huishia: wanazidisha, wanapima kwa tepu, wanakata, wanalehemu. Mimi naona namba ya jedwali ina kazi moja tu, kukuambia mahali pa kuweka koleo mara ya kwanza. Baada ya hapo anayeulizwa ni kebo yenyewe, naye hujibu kwa masafa, yaani idadi ya mizunguko ya wimbi kwa sekunde, wala hajibu kwa milimita.

Kwa nini wimbi huchelewa

Watu wengi hudhani wimbi husafiri ndani ya shaba. Shaba huliongoza tu. Nishati yenyewe hupita katika nafasi iliyo kati ya waya wa katikati na wavu, yaani ndani ya kihami, na kihami ndicho kinachoamua mwendo. Katika ombwe wimbi huenda kilomita 299,792 kwa sekunde. Ndani ya plastiki hupunguza mwendo. Kasi ya ndani ya kebo ikigawanywa kwa kasi ya ombwe hutoa namba iliyo chini ya 1, yaani uwiano wa kasi.

Hesabu yake ni fupi: 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha permitiviti ya kihami, yaani uwezo wake wa kuhifadhi uga wa umeme ukilinganishwa na ombwe. Poliethilini ngumu ina permitiviti ya karibu 2.26, kipeuo chake cha pili ni 1.5 na kidogo, kwa hiyo uwiano ni 0.66. Ndiyo maana kebo za aina ya RG-58, RG-213 na RG-59 ya plastiki ngumu zote zina 0.66, ingawa unene wake haufanani na impidansi si moja. Unene wa kebo hauingii kwenye hesabu hii hata kidogo. PTFE, ile plastiki nyeupe isiyoyeyuka chini ya chuma cha kulehemu, hutoa 0.69 hadi 0.70. Plastiki ya povu hutoa kati ya 0.78 na 0.88 kutegemea wingi wa hewa iliyomo, na kebo ambazo kihami chake ni hewa yenye vishikizo vya hapa na pale huvuka 0.9.

Kwa pembeni kidogo: kebo ya koaksiali ni kongwe kuliko redio. Oliver Heaviside aliichukulia hataza nchini Uingereza mwaka 1880. Lakini kebo nyembamba, inayopindika na yenye upotevu mdogo ilibidi isubiri poliethilini, ambayo wanakemia wa kampuni ya ICI waliikuta mwaka 1933 na ambayo ilikuja kuwa kihami cha kebo za rada wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kila anayeandika 0.66 kwenye karatasi ya hesabu anaandika tabia ya plastiki hiyo.

Kwa plastiki ngumu, 0.66 ni namba ya kuaminika kiasi. Kwa povu, sivyo. Povu ni plastiki iliyotiwa viputo vya gesi, na wingi wa viputo hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda na kutoka rola hadi rola. Kebo iliyoandikwa 0.82 ikikutwa na 0.80 au 0.84, hakuna wa kulaumiwa. Tofauti hiyo si kitu kwa kebo inayopeleka picha kwenye televisheni. Kwa robo wimbi ni zaidi ya nyuzi mbili.

Hesabu ya kuanzia ni hii: gawanya 299.8 kwa masafa ya megahezi, utapata urefu wa wimbi kwa mita. Zidisha kwa uwiano wa kasi, kisha chukua sehemu unayoitaka. Kwenye 145 MHz wimbi lina mita 2.068 hewani, robo yake ni milimita 517, na ndani ya kebo ya 0.66 robo hiyo inakuwa milimita 341. Kwenye 7.1 MHz robo wimbi ndani ya kebo hiyohiyo ni mita 6.97.

Kazi zinazodai kipimo na zisizodai

Kabla ya kushika koleo, uliza kama kazi yako inadai urefu maalumu. Kuna imani iliyokomaa kwamba kebo inayotoka kwenye redio kwenda kwenye antena lazima iwe na nusu mawimbi kamili, eti ndipo mawimbi yanayorudi yapungue. Si kweli. Antena ikiwa inalingana na kebo, urefu wowote ni sawa. Isipolingana, kiasi kinachorudi huamuliwa na antena na impidansi ya kebo, na kuongeza au kupunguza mita mbili hakukibadilishi, ukiacha upotevu kidogo. Kinachobadilika ni impidansi ambayo redio inaiona mwanzoni mwa kebo. Mtu akikata kebo na mita ya redio yake ikashuka, mara nyingi amebadilisha mahali pa kupimia tu, au wavu wa nje wa kebo ulikuwa unabeba mkondo na kufanya kazi kama sehemu ya antena. Antena haijatengenezwa.

Kazi zinazodai kipimo nazo hazidai kwa ukali uleule, na hapa ndipo watu hupoteza jioni nzima kusaka usahihi usiohitajika, kisha wakapuuza ule unaohitajika.

Chukua transfoma ya robo wimbi. Kebo yenye robo wimbi hugeuza impidansi: kinachoonekana upande mmoja ni impidansi ya kebo ikizidishwa kwa yenyewe, kisha kugawanywa kwa mzigo ulio upande wa pili. Ukiwa na antena mbili za omu 50 na ukazilisha kila moja kupitia robo wimbi ya kebo ya omu 75, kila tawi litaonekana kuwa na omu 112.5, na matawi mawili yakiunganishwa sambamba hutoa omu 56. Uwiano wa mawimbi ya kusimama (kipimo cha kutolingana, 1 ikiwa kulingana kikamilifu) kwa kebo kuu ya omu 50 ni 1.125. Sasa haribu kazi kwa makusudi: fanya kila tawi liwe na nyuzi 95 badala ya 90. Uwiano unapanda hadi 1.14. Hakuna mita ya kawaida itakayoiona tofauti hiyo. Nyuzi tano kwenye 145 MHz ni milimita 19, kosa ambalo mtu angeliona kwa macho, na bado transfoma haijali.

Linganisha na stabu, yaani kipande cha kebo kinachoning'inia pembeni ya njia kuu ili kufyonza masafa fulani. Stabu ya robo wimbi kwenye 7.1 MHz, mwisho wake ukiwa umepigwa shoti, haionekani kabisa kwenye 7.1. Kwenye 14.2 kebo ileile ni nusu wimbi, na ile shoti ya mwisho huhamia mwanzoni na kuizima hamoniki ya pili. Ikitengenezwa kwa RG-213, shoti hiyo huwa na ukinzani wa yapata omu 1 kwa sababu ya upotevu wa kebo, na hamoniki hupunguzwa kwa desibeli 28 hivi. Kosea urefu kwa asilimia 1 na utabaki na desibeli 23. Kosea kwa asilimia 3 na zitabaki 15. Asilimia tatu ya mita 6.97 ni sentimita 21, na ndiyo tofauti unayoipata kirahisi ukiamini namba ya jedwali kwenye kebo ya povu.

Kwa hiyo vipande viwili vya kebo, vyote vikiitwa robo wimbi, vinaweza kudai uangalifu usiofanana hata kidogo. Jua kwanza nyuzi moja ni milimita ngapi katika kazi yako. Kwa kebo ya 0.66, nyuzi moja ni milimita 78 kwenye 7 MHz, karibu milimita 4 kwenye 145 MHz, milimita 1.3 kwenye 432 MHz, na chini ya nusu milimita kwenye 1296 MHz. Kwenye masafa ya chini tepu nzuri inatosha ukishaujua uwiano halisi wa kasi. Huko juu, hata namna ulivyochonga ncha ya kebo ina neno la kusema.

Mwisho wazi au mwisho wenye shoti

Njia ya kuiuliza kebo inategemea tabia moja. Kebo ya robo wimbi iliyoachwa wazi upande wa mbali huonekana kama shoti upande wa karibu. Ikipigwa shoti mbali, huonekana wazi karibu. Kebo ya nusu wimbi hairudishi kinyume. Hurudisha kilekile kilichopo mwisho. Ukipandisha masafa taratibu kwenye kebo iliyo wazi, mwanzoni inakuwa kama kapasita, riaktansi yake (sehemu ya impidansi isiyo ukinzani) ikiwa hasi. Inapofika robo wimbi riaktansi inapita sifuri. Kisha inakuwa chanya kama koili. Mahali pa sifuri ndipo kebo inapokuambia: mimi ni nyuzi 90 kwenye masafa haya.

Kosa la kawaida hapa ni kutafuta kilele, mahali impidansi ilipo kubwa kabisa, badala ya bonde, mahali ilipo ndogo kabisa. Vyote viwili vipo. Nusu wimbi iliyo wazi, kwa mfano, hutoa impidansi kubwa mno, maelfu ya omu, na kinadharia ungeweza kuitafuta hiyo. Lakini vifaa vya kawaida hupima vizuri karibu na omu 50, huvumilia omu chache, na hubahatisha kwenye maelfu. Tena kwenye kilele kapasitansi ndogo ya ncha ya kifaa inatosha kukisogeza kilele chenyewe. Bonde ni imara zaidi: karibu na robo wimbi ya kebo ya omu 50, riaktansi hubadilika kwa takribani omu 0.87 kwa kila nyuzi moja, bila kuyumba. Kanuni inayotoka hapo ni rahisi. Ukitafuta robo wimbi au robo witiri, yaani robo tatu au robo tano, acha mwisho wazi. Ukitafuta nusu wimbi au mawimbi kamili, piga shoti mwisho. Kwa njia hiyo kila mara unasoma karibu na sifuri, mahali ambapo kifaa kina akili.

Ukinzani hautafika sifuri kamili, na usiusubiri. Kipande cha RG-58 chenye robo wimbi kwenye 145 MHz hubakiza sehemu ya omu moja kwa sababu ya upotevu. Unachofuata ni riaktansi kuvuka sifuri. Ukinzani mdogo ni ushahidi wa pembeni kwamba uko kwenye bonde na si kwenye kilele, maana riaktansi huvuka sifuri kote kuwili.

Kifaa chenyewe kinaweza kuwa chochote. Kichanganuzi cha vekta, hata kile kidogo cha mkononi kama NanoVNA, ndicho chepesi zaidi kwa sababu huonyesha fezi moja kwa moja. Kichanganuzi cha antena kinachotofautisha ukinzani na riaktansi kinatosha. Asiye navyo anaweza kuchukua chanzo cha mawimbi na kipokezi au osiloskopu, akaweka konekta ya T katikati na kuning'iniza kebo kwenye tawi la T: masafa ambayo mawimbi yanadidimia kwenye kipokezi ndiyo masafa ya bonde. Zamani kazi hii ilifanywa kwa mita ya kudidimia, ambayo sindano yake hushuka ikifikia masafa ya kebo, na bado inafanyika, ila kile kitanzi kidogo cha waya unachokiweka ili mita ishikane na kebo huongeza indaktansi na kuyashusha masafa unayoyasoma. Kitanzi kiwe kidogo kadiri inavyowezekana.

Ukisoma fezi ya wimbi lililorudi, kumbuka kwamba limeenda na kurudi, kwa hiyo nyuzi 90 za kebo huonekana kama nyuzi 180 kwenye kioo. Kwenye chati ya Smith, mchoro wa duara wa kusomea impidansi uliobuniwa na Phillip Smith wa Bell Labs mwishoni mwa miaka ya 1930, duara zima ni nusu wimbi kwa sababu hiyohiyo. Nimeona watu makini wakikata kebo nusu ya urefu waliouhitaji kwa kulisahau hilo.

Kebo ndefu ina mtego wake. Kebo ya mita 20 kwenye 145 MHz ina mabonde mengi, na ukiangalia moja tu huwezi kujua ni la ngapi. Shuka chini hadi bonde la kwanza kabisa uhesabu kwenda juu, au pima umbali wa masafa kati ya mabonde mawili yanayofuatana: kwa kebo iliyo wazi umbali huo ni mara mbili ya masafa ya bonde la kwanza. Kwa upande wa pili, wingi wa mabonde unaweza kukusaidia. Kebo ambayo bonde lake la pili liko 435 MHz ni robo wimbi ya 145 MHz, na kosa la milimita moja huonekana mara tatu zaidi kwa nyuzi huko juu.

Urefu huanzia wapi?

Swali hili huachwa mpaka kazi ikataliwe na vipimo. Kebo yako itaanzia kwenye konekta, na konekta nayo ina urefu. Kifaa cha kupimia pia kina konekta, na mara nyingi umeweka adapta katikati. Bila kusema sifuri iko wapi, hujapima kitu. Kazi ya kuiweka sifuri hiyo ni ugezi: unafunga kipande kilicho wazi, kisha chenye shoti, kisha cha omu 50, mahali hasa ambapo kebo yako itaanzia, na kifaa kinajifunza kuanzia kuhesabu hapo. Ukifanya ugezi kwenye mdomo wa kifaa na baadaye ukaongeza adapta ya sentimita 3, adapta hiyo itahesabiwa kuwa sehemu ya kebo. Kwenye 7 MHz hutajua. Kwenye 432 MHz umepoteza zaidi ya nyuzi ishirini.

Konekta za N na BNC zimetengenezwa ili impidansi ya kebo iendelee ndani yake, kwa hiyo huongeza urefu na si zaidi ya hapo. PL-259 na tundu lake hazina uadilifu huo: ndani yake impidansi hushuka, na kwenye masafa ya juu hufanya kama kapasita ndogo iliyoning'inizwa njiani. Kwa 7 MHz zitumie bila wasiwasi. Kwa kebo ya kupanga fezi kwenye 432 MHz, achana nazo.

Mwisho wa mbali nao una yake. Mwisho ulio wazi hauishii pale shaba inapoishia. Uga wa umeme huchungulia nje kidogo, na kebo huonekana ndefu kwa sehemu ya milimita. Ukiacha nywele za wavu zimetapanyika, kidogo kinakuwa kingi. RG-58 ina karibu pikofaradi 100 kwa kila mita, maana yake milimita moja ni sehemu ya kumi ya pikofaradi. Nywele mbili tatu za wavu zilizokunjamana karibu na waya wa katikati zinafikisha hapo bila shida. Kata ncha wima, kwa koleo kali au wembe, na uangalie kwamba wavu haujagusa waya wa katikati.

Kukata

Fundi cherehani huacha upindo kwa sababu kitambaa kilichokatwa hakirudi, na kebo ni hivyohivyo: acha ziada ya asilimia 5 hadi 8 juu ya hesabu. Funga konekta ya upande wa kwanza kabisa, uilehemu vizuri, uiache ipoe. Sasa pima.

Tuseme unataka robo wimbi kwenye 145 MHz kutoka kwa kebo ya povu ya omu 75 iliyoandikwa 0.82. Hesabu inasema milimita 424. Wewe umekata 450. Unasoma bonde kwenye 134.6 MHz. Kwa vile masafa na urefu huenda kinyume, urefu unaohitajika ni 450 zidisha 134.6 gawanya 145, yaani milimita 418. Papo hapo umepata jambo la pili: uwiano halisi wa kasi wa kebo hii ni karibu 0.81, si 0.82. Ungeikata moja kwa moja kwenye 424 ungekuwa mrefu kwa milimita 6. Kwa transfoma, si kitu. Kwa kazi kali, ni kitu.

Usikate milimita 32 zote kwa pigo moja. Kata nusu yake, pima tena, na bonde liwe limepanda hadi karibu 139.6 MHz. Likiwa hapo, hesabu yako iko sawa na unaweza kusogea. Likiwa kwingine, kuna kitu kinachojificha, mara nyingi urefu wa konekta ambao tepu haikuuhesabu. Vipimo viwili vya kebo moja katika urefu tofauti hukiumbua. Tafuta tofauti ya urefu kwa milimita, igawanye kwa tofauti kati ya moja-gawanya-masafa ya kipimo cha kwanza na moja-gawanya-masafa ya kipimo cha pili, zidisha kwa 4, gawanya kwa 299,792. Jibu ni uwiano wa kasi wa kebo peke yake, konekta ikiwa imejiondoa kwenye hesabu kwa sababu ilikuwepo mara zote mbili bila kubadilika.

Milimita za mwisho zikate kidogokidogo na kuzisoma. Ukifika masafa yako, swali linalobaki ni kebo itamalizikia kwenye nini. Kama upande wa mbali nao utafungwa konekta, urefu wa konekta hiyo lazima uingie kwenye hesabu, na njia ya hakika ni kuifunga konekta, kisha kuipima kebo nzima ikipitisha wimbi kutoka mlango mmoja wa kifaa hadi wa pili. Kama hilo haliwezekani, tengeneza kipande kimoja cha majaribio kutoka rola hilohilo, ujue konekta inaongeza milimita ngapi, halafu kata cha kweli kikiwa kifupi kwa kiasi hicho.

Stabu zenye shoti mwishoni zina usumbufu wake: kila ukikata unaondoa shoti uliyoilehemu. Mafundi wengi hupiga shoti ya muda kwa kuchoma pini kupitia wavu hadi waya wa katikati, wakaisogeza mpaka bonde likae mahali pake, ndipo wakakata na kulehemu hapo. Pima stabu kwenye masafa inayopaswa kuyazuia. Ile ya 7.1 MHz niliyoitaja ipimwe kwenye 14.2, kwenye bonde lake kali. Upande wa 7.1 ni mpana na hausumbuki na kosa dogo.

Pale ambapo kulingana ni bora kuliko usahihi

Antena mbili zinazotazama upande mmoja zinahitaji wimbi lifike kwa zote kwa wakati mmoja. Hapo namba ya nyuzi si hoja. Hoja ni kwamba kebo zote mbili ziwe na namba ileile. Kata zote kutoka rola moja, zikifuatana, fanya ugezi mara moja, pima ya kwanza, kisha ikate ya pili mpaka bonde lake likae juu ya bonde la kwanza. Hata kifaa ambacho masafa yake yana kosa kidogo kitafanya kazi hii vizuri, kwa sababu kinazidanganya kebo zote mbili kwa kiasi kimoja.

Mara nyingi robo wimbi haifiki. Antena za 145 MHz hupandwa umbali unaozidi mita moja, na milimita 341 haziwezi kufika katikati. Ndipo robo tatu au robo tano hutumika: mita 1.02 au mita 1.71 kwa kebo ya 0.66. Zinageuza impidansi vilevile, ila kadiri robo zinavyoongezeka ndivyo upana wa masafa unaofaa unavyopungua, na kosa la uwiano wa kasi nalo huzidishwa kwa tatu au tano.

Kuna mtego mmoja ambao hata kebo iliyokatwa kwa usahihi haiuepuki. Antena mbili wima zilizo umbali wa robo wimbi, zikilishwa kwa tofauti ya nyuzi 90, hupeleka nguvu upande mmoja. Mtu anakata kebo moja iwe ndefu kuliko nyingine kwa nyuzi 90 na kutarajia mikondo ya antena ipishane kwa nyuzi 90. Haitapishana hivyo. Kebo huchelewesha wimbi kwa nyuzi zake pale tu mzigo wake unapolingana nayo, na antena zilizo jirani huathiriana mpaka impidansi ya kila moja ikawa tofauti na ya mwenzake. Roy Lewallen ni miongoni mwa waliolieleza jambo hili kwa wanaredio wa ridhaa, pamoja na mlango wa kutokea: katika kebo ya robo wimbi, mkondo unaotoka mwisho huamuliwa na volteji ya mwanzo na impidansi ya kebo tu, mzigo uwe wowote. Kwa hiyo kila antena hupewa robo wimbi yake, na tofauti ya fezi hutengenezwa nyuma yake kwa mzunguko wa koili na kapasita. Huko robo wimbi inadaiwa kweli, maana uhuru huo kutoka kwa mzigo upo kwenye nyuzi 90 na si kwenye 80.

Kebo iliyokwisha kukatwa pia haitulii kabisa. Joto huirefusha shaba na kubadilisha kihami, mara nyingi kwa mwelekeo unaopingana, na PTFE ina tabia ya ajabu karibu na nyuzijoto 19 za Selsiasi, ambapo muundo wake wa fuwele hubadilika na fezi huruka ghafla kuliko inavyotarajiwa. Kuipinda kebo kwa nguvu husogeza waya wa katikati ndani ya kihami, hasa kihami cha povu, na kuikunja mduara ulio chini ya mara kumi ya unene wake ni kutafuta shida. Maji yakipenya kwenye wavu, uwiano wa kasi na upotevu vyote hubadilika, na hakuna kukata kutakakovirudisha. Ziba ncha, acha kebo ikae katika umbo litakalobaki nalo, kisha ipime mara moja zaidi hapohapo ilipofungwa, na uandike masafa ya bonde kwenye kikaratasi cha plastiki unachokifunga kwenye konekta.